UZI: Lavenda nyanda za juu – aina ipi, udongo upi, nyuki wanataka nini, na kwa nini miche mingi hufa

#1 kitalu_mlimani

Wakuu, swali la lavenda linarudi humu kila mara kwa sura ile ile: mche umenunuliwa umenawiri, ukajaziwa samadi, ukamwagiliwa asubuhi na jioni, mwezi wa tatu umekauka. Tuliweke sawa sehemu moja.

Chimbuko la lavenda ni vilima vya mawe na chokaa kuzunguka Bahari ya Mediterania. Kule mvua hunyesha wakati wa baridi, kiangazi ni kikavu kabisa, na udongo ni wa kokoto usio na rutuba. Mmea wa namna hiyo ukiuhudumia kama mchicha unauua.

AINA. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, maana kibao cha kitalu huandikwa "lavenda" tu. Angalia mwenyewe:

- Jani jembamba lenye ukingo laini, kichaka kifupi cha sm 40–60, kikonyo kimoja chenye shada moja fupi: hiyo ni Lavandula angustifolia. Munstead na Hidcote zimo humu. Harufu yake ni tamu, haina ukali wa kafuri.
- Jani pana kidogo, kichaka kikubwa cha sm 70–100, vikonyo virefu ambavyo mara nyingi hutoa vijishada viwili pembeni: hiyo ni lavandini, chotara wa angustifolia na lavenda nyingine iitwayo latifolia. Grosso na Provence ni za kundi hili.
- Jani lenye meno meno ukingoni kama msumeno mdogo: L. dentata. Huwezi kuikosea hata gizani, pitisha kidole tu.
- Shada lenye "masikio ya sungura" juu: L. stoechas.

Angustifolia inahitaji majuma kadhaa ya baridi kali, kisha siku ndefu za mwanga, ndipo itoe maua ya kutosha. Karibu na ikweta mchana ni saa 12 mwaka mzima na baridi ya kweli ni ya kubahatisha. Matokeo yake ni kichaka kizuri cha kijani chenye vikonyo vya kuhesabika. Ukiwa Makete, Molo au Timau, ambako usiku wa Juni hadi Agosti unauma, ijaribu. Ukiwa Lushoto au Arusha mjini, anza na dentata. Haidai baridi, na hutoa maua karibu mwaka mzima ikipata jua kwa muda wa saa 6 au zaidi kwa siku.

UDONGO. Kabla ya kununua hata mche mmoja, chimba shimo la sm 30 kwenda chini, lijaze maji, yaache yaishe, kisha lijaze tena na upime kwa rula. Maji yakishuka pungufu ya sm 2.5 kwa saa, hapo pandisha matuta au pahame. Udongo mweusi wa mbuga usiuguse kabisa, unashika maji masika na kupasuka kiangazi. Tuta liwe na kimo cha sm 30–40 na upana wa sm 80 juu, likifuata mteremko kwa namna ambayo maji hayatuami katikati ya matuta.

pH (kipimo cha uchachu wa udongo) itakiwayo ni 6.5 hadi 7.5, hata 8 inaivumilia. Ule udongo mwekundu wa Limuru, Njombe na sehemu nyingi za Kilimanjaro mara nyingi uko chini ya 6. Pimeni kwanza. Taasisi za utafiti wa kilimo zinapima: kwa Tanzania kuna TARI Mlingano, kwa Kenya KALRO. Msimwage chokaa kwa kukisia.

#2 Mwanafunzi wa Shamba

Asante sana mkuu. Udongo wangu umetoka maabara, pH 5.6, tifutifu ya kichanga. Chokaa kiasi gani? Na samadi kweli niache kabisa?

#3 kitalu_mlimani

Chokaa ya kilimo, siyo ile ya kupaka ukuta. Kwa tifutifu anza na gramu 200–300 kwa kila mita mraba, changanya mpaka sm 20 chini, subiri miezi 2 hadi 3 mvua ikiwepo, kisha pima tena. Udongo wa mfinyanzi hudai zaidi, wa kichanga hudai kidogo. Heri urudie mara ya pili kuliko kuzidisha mara moja, kwa sababu kuishusha pH iliyopanda ni kazi kubwa kuliko kuipandisha.

Samadi: kama udongo ni wa kichanga kabisa, weka konzi mbili za mboji iliyoiva vizuri kwa shimo, basi. Samadi mbichi na mbolea za urea na CAN vyote ni naitrojeni. Mmea unarefuka haraka, matawi yanalegea na kugawanyika katikati kama kitabu kilichofunguliwa, maua yanapungua, na ukungu unaingia kwenye majani mororo. Mtu anaona kijani anafurahi, kumbe anatengeneza kuni.

#4 Mama Vichaka

Nyongeza kwenye kupanda, maana watu hukosea vipimo.

Angustifolia na dentata: sm 60 kati ya miche, mita 1.2 kati ya mistari. Kwa ekari inakuja karibu miche 5,600. Lavandini: sm 90 kwa mita 1.5, karibu miche 3,000. Ukibananisha ili "eneo lisipotee", upepo haupiti, majani ya chini hayakauki baada ya mvua, na ukungu hupata nyumba.

Panda masika yakielekea kuisha, mwisho wa Mei au Juni, siyo yanapoanza. Mche mdogo hauwezi kukaa miezi miwili ndani ya tope. Kwenye shimo, shingo ya mche iwe sawa na uso wa udongo au sm 1 juu yake. Ukifukia shingo, gome huoza pale pale na utaona mmea unakauka wakati mizizi bado mizima.

Kumwagilia: majuma 6 hadi 8 ya mwanzo, lita 1 kwa mche mara mbili kwa juma. Kisha kila baada ya siku 10–14 kama hakuna mvua. Mwaka wa pili, kwenye maeneo yanayopata mvua za vuli na masika, huenda usimwagilie isipokuwa kiangazi kikiwa kirefu. Maji yaende kwenye udongo, siyo juu ya majani.

Matandazo: siyo nyasi kavu kama kwenye nyanya. Nyasi zinazogusa shina zinaweka unyevu mahali pasipotakiwa. Tumia kokoto za rangi nyeupe, tabaka la sm 3 hadi 5. Zinakausha uso wa udongo, zinarudisha mwanga juu kwenye kichaka, na matone ya mvua hayarushi tope lenye vimelea kwenye majani.

#5 Dogo_Nakuru

Wadau, kuna mtu anauza mbegu za Grosso mtandaoni, pakiti ya mbegu 100. Niagize?

#6 kitalu_mlimani

Usiagize. Mbegu za Grosso hazipo. Lavandini ni chotara tasa, haizai mbegu, huzalishwa kwa vipandikizi tu. Anayeuza "mbegu za Grosso" au "mbegu za Provence" ama anauza angustifolia yoyote ile, ama hajui anachouza. Vyote viwili vinakugharimu.

Hata mbegu halali za Munstead hazitoi miche inayofanana. Utapata kirefu, kifupi, cha zambarau, cha bluu hafifu. Bustanini hilo halina neno. Kwa mistari ya biashara ni tabu, kwa sababu hakitachanua kimoja sawa na kingine na kuvuna kutakusumbua.

#7 Mama Vichaka

Ukiamua kupanda mbegu hivyo hivyo: ni ndogo sana, gramu moja ina karibu 1,000. Zichanganye na mchanga wenye unyevu, weka ndani ya mfuko kwenye friji (siyo kwenye barafu) majuma 3 hadi 4, kisha zisambaze juu ya kitalu na usizifukie zaidi ya milimita 2, zinapenda mwanga. Kuota ni majuma 2 hadi 4. Kinyausi (ugonjwa wa kuozesha shingo za miche michanga) hupenda miche hii, kwa hiyo mwagilia kwa kulowesha trei kutoka chini.

Vipandikizi ndiyo njia. Naandika kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo asilimia kubwa hupotea bila sababu.

Chagua kichaka mama kisicho na tawi hata moja linalokauka. Kata asubuhi, kabla jua halijakaza. Tawi liwe la msimu huu, limeanza kukomaa chini lakini bado linapinda, na lisiwe na ua wala tumba. Tawi lenye tumba linatumia nguvu zote kwenye ua, mizizi haiji. Urefu sm 8–10, ukate chini kidogo ya kifundo kwa wembe au kisu kikali. Mkasi butu unaponda, na palipopondwa panaoza. Ondoa majani ya nusu ya chini kwa kuyavuta kuelekea juu taratibu, usichune gome.

Mchanganyiko: mchanga mkubwa wa mto uliooshwa sehemu 1, kokopiti (nyuzi za makumbi ya nazi zilizosagwa) sehemu 1. Mchanga wa baharini hapana, una chumvi. Udongo wa bustani na mboji hapana, vina vimelea na unyevu mwingi. Homoni ya unga yenye IBA asilimia 0.1 hadi 0.3 inaharakisha mizizi lakini siyo lazima. Ukitumia, chovya sm 1 na ukung'ute iliyozidi. Toboa tundu kwanza kwa kijiti, usisukume kipandikizi chenyewe, maana unga wote utabaki juu. Kiingie sm 3 hadi 4.

Weka chini ya neti ya kivuli ya asilimia 50. Siku 7–10 za mwanzo nyunyiza ukungu wa maji mara 2 au 3 kwa siku, baada ya hapo punguza. Watu hufunika nailoni kutwa nzima, ndani kunakuwa na joto na jasho, kesho yake majani yana vumbi la kijivu. Huo ni ukungu wa botrytis. Ukifunika, funua asubuhi na jioni.

Mizizi hutoka majuma 3 hadi 6. Usivute kuangalia! Ukiona majani mapya juu, vuta kidogo sana. Kikigoma kina mizizi. Hamishia kwenye kiriba kidogo chenye udongo uliochanganywa na mchanga nusu kwa nusu, na kikifika sm 12 kata ncha ili kitoe matawi. Shambani kinakwenda wiki ya 10 hadi 14 tangu kipandwe.

#8 Nyuki_na_Mbochi

Nimesubiri mtu afike kwenye nyuki, naona hafiki 😄

Lavenda inapendwa na wachavushaji kwa sababu shada halifunguki lote kwa pamoja. Vijiua hufunguka vichache vichache kwa majuma, kwa hiyo mbochi, yaani maji matamu ya ua, ipo kila siku. Lakini kijiua ni bomba refu kiasi. Kwenye lavandini bomba hilo linakaribia au kupita kidogo urefu wa ulimi wa nyuki wa asali, ambao ni kama milimita 6 na ushee, kwa hiyo anafika kwa kujikunja na anatumia muda mwingi kwa kila ua. Ulaya wanaofaidi zaidi ni wale nyuki wanene wenye manyoya, jenasi ya Bombus, wenye ulimi mrefu. Kusini mwa Sahara hatuna hao kiasili. Kwetu nafasi hiyo wanaishika wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, pamoja na nyuki wa jenasi ya Amegilla wenye mistari tumboni, wanaoelea mbele ya ua kama helikopta. Vipepeo nao hawakosekani.

Kwa mfugaji wa nyuki, faida ya dentata siyo wingi wa asali, ni kalenda. Inachanua kiangazi wakati mimea mingine imefunga, basi kundi linapata cha kuliwaza njaa. Kichaka kimoja au viwili havitoshi kitu. Panda angalau mstari wa vichaka 20 hadi 30 mahali pamoja, kwa sababu nyuki wa asali anapenda kufanya kazi ua la aina moja kwa safari moja.

Na kabla hamjauliza: "asali ya lavenda" kutoka robo ekari haipo. Nyuki anazunguka kilomita 3 kwa urahisi. Duara hilo ni kilomita za mraba 28, yaani karibu ekari 7,000. Robo ekari yako ndani ya ekari 7,000 ni tone ndani ya pipa. Kule Provence, Ufaransa, asali hiyo inapatikana kwa sababu uwanda kama Valensole umejaa mashamba ya lavenda na wafugaji huhamishia mizinga pale maua yanapoanza. Ukiandika "asali ya lavenda" kwenye chupa kwa sababu tu una vichaka karibu na mzinga, unadanganya mteja.

#9 Dada wa Bustani

Nyuki wetu ni wakali, na nina watoto. Je, kupanda mlangoni ni hatari?

#10 Nyuki_na_Mbochi

Dada, nyuki aliye kwenye ua hana ugomvi, anatafuta chakula. Ukali wa nyuki wetu ni wa kulinda mzinga. Hatari iliyopo ni mtoto kukanyaga peku au kushika shada lenye nyuki. Basi usipande ukingoni mwa njia nyembamba ambako watu wanapita wakigusana na maua, weka mita 1.5 hadi 2 kutoka njiani. Kama mwenye nyumba ana mzio wa sumu ya nyuki, hilo ni suala jingine, panda mbali. Mizinga yenyewe iwe mita 100 au zaidi kutoka nyumba na mifugo, na ua wa miti katikati ili waruke juu.

Kuhusu dawa: usipulize chochote maua yakiwa wazi. Kuna imani kwamba dawa ya pareto ni salama kwa nyuki kwa kuwa inatokana na ua linalolimwa hapa hapa kwetu. Pareto inaua nyuki inapomgusa, kama inavyoua inzi. Nafuu yake ni kwamba jua huivunja haraka. Kwa hiyo ikibidi, puliza jioni nyuki wakisharudi, na siyo kwenye mashada. Dawa za kundi la imidakloprid zinapanda ndani ya mmea mpaka kwenye mbochi. Hizo weka mbali kabisa.

#11 Mtaalamu_Mstaafu

Nawapa namna ya kusoma kifo cha lavenda, kwa sababu mnyauko mmoja una sababu tofauti.

Kichaka kimenyauka na udongo una maji: ng'oa uone. Mizizi ikiwa ya kahawia au nyeusi, na ganda la nje linavuliwa kama soksi likiacha uzi katikati, ni Phytophthora, kimelea cha udongoni kinachoozesha mizizi. Haina dawa ya kuiponya ikishafika hapo. Toa mmea na udongo wake, usipande lavenda nyingine shimo hilo, na usihamishe jembe lenye tope kwenda mstari wa pili. Ajabu ni kwamba dalili hii inafanana na kiu, na mwenye shamba anaongeza maji, na maji ndiyo yanayosambaza ugonjwa.

Udongo mkavu hadi sm 10 chini, majani ya kijivu yanavunjika kama karatasi: kiu ya kweli. Hutokea zaidi mwaka wa kwanza na kwenye vyungu.

Tawi moja tu limekauka, mengine mazima: ukungu wa shina. Kata sm 5 chini ya palipokufa, choma ulichokata, futa mkasi kwa spiriti kabla ya kichaka kinachofuata.

Madoa ya njano kali, majani yamejipinda: mara nyingi ni virusi vya mozaiki, vinavyoletwa na vidukari au na mkasi mchafu. Ng'oa, choma. Usichukue kipandikizi hapo hata kama nusu ya kichaka inapendeza.

Njano ya jumla kuanzia chini: maji yanatuama au pH iko chini. Rudini kwenye shimo la majaribio.

Na tafadhali, msilete vijiti kutoka Ulaya ndani ya begi. Lavenda ni mojawapo ya mimea inayobeba Xylella fastidiosa, bakteria anayeua mizeituni Italia, na huyo huyo ana madhara kwa kahawa na michungwa. Kibali cha kuingiza mimea kinatoka kwa mamlaka za afya ya mimea: KEPHIS kwa Kenya na TPHPA kwa Tanzania.

#12 Mpwani halisi

Sisi wa Tanga, Mombasa na Unguja mmetuacha. Joto na jasho la hapa lavenda itavumilia?

#13 Mama Vichaka

Ndugu yangu, angustifolia isahau. Dentata, au chotara wake aitwaye Goodwin Creek Grey, unaweza kuiweka kwenye chungu cha udongo cha sm 30, chini ya paa penye jua la asubuhi, udongo nusu na mchanga mkubwa nusu. Itaishi, lakini itakuwa mgeni wa kubembelezwa.

Kwa nini uteseke wakati pwani ina kivumbasi? Ni mmea wa kudumu, wenye harufu, unafika mita 1.5 na kuendelea, unachanua karibu mwaka mzima, na nyuki wakiwemo wale wadogo wasiouma hawabanduki. Sambaza mbegu juu ya udongo laini bila kufukia, mwagilia kwa upole, zinaota ndani ya siku 7 hadi 14. Au kata tawi la sm 15, lichomeke mahali penye kivuli. Nafasi mita 1 kwa mita 1. Ukate hadi nusu kila maua yanapoisha, vinginevyo unakuwa mti na kuzaa mbegu tu. Tofauti na lavenda, huu unachipua hata kwenye kuni.

Ndugu yake wa bara, Ocimum kilimandscharicum, ana harufu ya kafuri. Kakamega wakulima wa kikundi cha Muliru, karibu na msitu, wanaulima na kukamua mafuta yanayotengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Kwa hiyo msidhani mmea wa harufu lazima utoke Ufaransa.

#14 Dogo_Nakuru

Nimekubali kuhusu mbegu. Sasa mafuta: ekari moja ya lavandini itanipa nini?

#15 kitalu_mlimani

Dogo, kilo 100 za mashada mabichi ya lavandini hutoa kama kilo 1 hadi 1.5 ya mafuta. Angustifolia ni nusu kilo hadi moja. Hiyo ni kwa kichaka kilichochanua sawasawa, na nimeshasema ikweta inaminya maua. Kwa hiyo kabla ya kununua mtambo wa kukamua, panda vichaka 50 vya aina mbili tatu, pima uzito wa mashada kwa misimu miwili. Mafuta ya dentata soko lake ni dogo kwa ajili ya ukafuri. Mashada makavu na miche ya kitalu ndiyo inayouzika mapema.

Ya kukausha: kata vijiua vichache vikiwa vimefunguka, umande ukishakauka, kama saa 4 asubuhi. Funga vikonyo 50 hadi 100 kwa mpira (siyo kamba, vikonyo vinasinyaa na kuchomoka), ning'iniza kichwa chini mahali pa giza penye upepo, wiki 1 hadi 2. Jua linaondoa rangi. Kwa mafuta subiri karibu nusu ya vijiua vinyauke.

#16 Nyuki_na_Mbochi

Saa 4 nyuki wameshajaa. Kung'uta kikonyo kwanza, nenda mstari kwa mstari, na acha mstari mmoja kati ya mitatu bila kukata mpaka mingine ianze kuchanua tena. Ukifyeka shamba lote siku moja umewafungia duka.

#17 Mwanafunzi wa Shamba

La mwisho wakuu, kupogolea. Kuna kichaka cha miaka mitano, chini ni kuni tupu, juu kuna kijani kama kofia. Nikikate chini kabisa kichipue upya?

#18 Mama Vichaka

Hapana, hakitachipua. Kuni ya lavenda isiyo na majani haina macho ya kuamka. Kupogolea kulitakiwa kuanza mwaka wa kwanza: unakata matumba yote ili kichaka kijaze matawi, kisha kila baada ya maua unaondoa theluthi moja ya kimo, ukiacha sm 3 hadi 5 za majani juu ya kuni. Dentata mara mbili kwa mwaka, angustifolia mara moja. Usikate mvua kubwa ikikaribia, vidonda vinaingia ukungu.

Hicho ulicho nacho, chukua vipandikizi 20 kwenye ile kofia sasa hivi, viache vitoe mizizi, ndipo ung'oe mama yao. Na miche mipya ipeleke tuta jingine.